Pai ya viazi kwa familia ya Dodoma: nyama ya kondoo, ya ng'ombe au choroko?

Anayetaka kupika pai ya viazi hapa Dodoma hakwami kwenye viazi. Anakwama buchani. Mapishi aliyoyasoma yanasema kondoo, muuza nyama ana ng'ombe kwenye ndoano na mbuzi pembeni, na nyumbani kuna dada ambaye hali nyama mpaka Kwaresima iishe. Makala haya ni ya mtu aliyesimama hapo na pesa mkononi, hajui aagize nini.

Chakula chenyewe ni rahisi kukieleza. Chini kuna nyama laini iliyopikwa na kitunguu, karoti na mchuzi mzito. Juu kuna viazi vilivyopondwa na siagi. Kisha chombo chote kinapata moto wa juu mpaka uso wa viazi ukauke na kuwa wa kahawia. Waingereza wana majina mawili kwa chakula hiki. Cottage pie ndilo la zamani zaidi, limeandikwa tangu 1791, na shepherd's pie lilifuata katikati ya karne ya 19. Siku hizi kwao jina la kwanza ni la nyama ya ng'ombe na la pili ni la kondoo, ingawa zamani yote mawili yalitumika kwa nyama yoyote iliyobaki kwenye mlo wa jana. Wafaransa nao wana ya kwao, inayobeba jina la Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia aliyefariki 1813 baada ya miaka mingi ya kuwashawishi wenzake wale viazi. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba bila kondoo umekosea. Hiki ni chakula cha kutumia kilichopo, na kilichopo Dodoma si kilichopo London.

Tunapima nini

Nitazitazama njia tatu: nyama ya kondoo (na mbuzi pamoja naye), nyama ya ng'ombe ya kusaga, na choroko. Kila moja nitaiuliza maswali yaleyale. Inapatikana wapi, na kwa gharama ya namna gani? Inahitaji muda na moto kiasi gani? Ladha yake ikoje? Inakaaje chini ya viazi? Kiporo chake kikoje kesho yake? Halafu, inamfaa nani?

Kati ya hayo, linalosahauliwa ni la nne, na ndilo linaloamua kama utapakua pai au utapakua supu yenye viazi. Mchuzi ukiwa mwepesi, viazi vinazama, na mvuke unaopanda unauzuia uso usikauke. Kipimo ni kimoja kwa njia zote: pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi kwa sekunde 3 hivi kabla mchuzi haujarudi, umefika. Ikijaa papo hapo, acha sufuria wazi na uendelee kupunguza maji.

Vipimo vya msingi nilivyotumia ni vya watu 6 wazima, na havibadiliki isipokuwa pale nitakaposema: viazi kilo 1.5, vitunguu maji 2 vikubwa, karoti 2, punje 3 za kitunguu saumu, vijiko 2 vya chakula vya nyanya ya kopo, kijiko 1 cha unga wa ngano, kikombe 1 cha njegere, na mililita 300 za supu au maji. Kitunguu chekundu cha Singida kinafaa sana hapa kwa sababu kina utamu kikikaangwa taratibu, na mafuta ya alizeti, ambayo kanda yetu inayakamua kwa wingi, yanatosha kabisa mahali ambapo wenzetu wa Ulaya wangeweka mafuta ya nyama.

Njia ya kwanza: kondoo, au mbuzi

*Kupatikana na gharama.* Tuko katika mkoa wa wafugaji. Wagogo wamefuga ng'ombe, mbuzi na kondoo kwenye nchi hii kavu vizazi na vizazi, Kongwa kuna ranchi ya taifa, na mnada wa Msalato watu huufunga safari kwa ajili ya mbuzi. Hata hivyo, kwenye bucha za kawaida za mjini ng'ombe ndiye wa kila siku, mbuzi yupo sehemu nyingi, na kondoo mara nyingi inabidi umwagize siku moja kabla. Nyama hizi huuzwa na mfupa, kwa hiyo bei ya kilo unayotajiwa si bei ya nyama utakayokula. Nunua kilo 1.5 yenye mfupa, paja au bega, ili upate gramu 600 hivi za nyama iliyoiva na kuchambuliwa. Ukihesabu hivyo, hii ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote tatu.

*Muda na moto.* Hapa ndipo mapishi ya kigeni yanapompoteza mtu. Kondoo anayetajwa mle ni mwanakondoo ambaye hajatimiza mwaka, nyama yake ni laini, inasagwa mbichi na kuiva kwa nusu saa. Kondoo wetu amekomaa, ametembea kutafuta majani na maji, na nyama yake imekaza. Ukiisaga mbichi na kuipika kwa muda wa kwenye mapishi yale utatafuna usiku kucha. Inataka kuchemshwa taratibu saa 1 na nusu hadi 2, au dakika 35 hadi 40 kwenye sufuria ya presha. Tena mji wetu uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo muda uliozoeleka Dar es Salaam hapa huongezeka kidogo. Usiangalie saa peke yake. Angalia kama nyama inaachia mfupa.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Chemsha vipande vikubwa na mfupa wake, chumvi, tangawizi na kitunguu kimoja. Nyama ikiachia, itoe, iache ipoe, ichambue na uikatekate kwa kisu vipande vidogo kama punje za mahindi. Acha supu itulie, kisha engua mafuta yaliyoelea juu. Kaanga vitunguu na karoti mpaka vilainike, weka kitunguu saumu, nyanya ya kopo, unga, halafu nyama na mililita 300 za supu ile. Dakika 15 za moto mdogo zinatosha. Supu inayobaki ni mali: wape wazee kabla ya chakula, au iweke ya asubuhi na chapati.

*Ladha.* Ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kuna watu wanaipenda hivyo na kuna watu harufu ya kondoo inawakimbiza mezani, na hao hawabembelezwi. Sehemu kubwa ya harufu hiyo iko kwenye mafuta, na kondoo wa asili wa huku huweka mafuta mengi mkiani. Ondoa mafuta yanayoonekana kabla ya kuchemsha, engua yaliyoelea baadaye, na tia pilipili manga bila ubahili. Ukipata tawi la rozmeri kwenye bustani ya jirani, ni rafiki wa zamani wa nyama hii. Jambo jingine: mafuta ya kondoo huganda mapema. Usiku wa Julai, upepo wa Dodoma ukivuma, sahani iliyokaa dakika 10 inaanza kushika kwenye kaakaa. Pakua watu wakiwa wameshakaa.

Mbuzi hana tatizo hilo kwa kiasi hicho. Nyama yake ina mafuta machache, harufu yake wengi wameizoea, na kwa familia nyingi za hapa ndiye chaguo la busara zaidi ndani ya njia hii. Mwongezee vijiko 2 vya mafuta ya alizeti wakati wa kukaanga vitunguu ili nyama isiwe kavu mdomoni.

*Chini ya viazi.* Inakaa vizuri mno. Mifupa imeacha utelezi wake kwenye supu, na utelezi huo hushika mchuzi pai inapopoa kidogo. Ukiiacha itulie dakika 10 baada ya kutoka motoni, kijiko kinatoka na kipande chenye tabaka mbili zinazoonekana.

*Kiporo.* Ladha ya kesho yake ni nzito na nzuri, lakini lazima ipashwe mpaka katikati iwe moto kabisa, la sivyo mafuta yanabaki yameganda.

*Inamfaa nani.* Anayepika Jumapili au sikukuu, mwenye sufuria ya presha au mchana mzima nyumbani, na mwenye wageni wanaothamini nyama yenye ladha. Haimfai mtu anayeingia ndani saa 12 jioni watoto wakiwa na njaa.

Njia ya pili: nyama ya ng'ombe ya kusaga

*Kupatikana na gharama.* Hii huitafuti. Kila bucha ina ng'ombe, na nyingi zina mashine ya kusagia. Chagua kipande cha steki wewe mwenyewe, chenye mafuta kidogo, kisha omba kisagwe mbele yako. Kilichosagwa tangu asubuhi hujui kilichanganywa na nini. Gramu 750 zinatosha watu 6, na hakuna mfupa unaoulipia. Kama pesa ni ya kubana, gramu 500 na karoti 2 za ziada bado zinatoa pai inayoshibisha.

*Muda na moto.* Dakika 35 hadi 40 kutoka kitunguu cha kwanza mpaka mchuzi mzito. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuitupa nyama yote kwa pamoja kwenye sufuria ndogo. Nyama ya kusaga hutoa maji mengi, na ikibanana inachemka kwenye maji yake, inakuwa ya kijivu na haina ladha. Tumia sufuria pana au kikaango, igawe mara mbili, na usubiri mpaka usikie mlio wa kukaangika baada ya maji kukauka. Hapo ndipo rangi ya kahawia inapokuja, na rangi hiyo ndiyo ladha.

*Ladha.* Ya upole, haimgombezi mtu. Watoto huikubali kirahisi, na mgeni usiyemjua vizuri hataikataa. Upole huo una gharama yake: ukiiacha na chumvi tu, inachosha. Soya sosi kijiko 1, ukwaju kidogo uliokamuliwa, na pilipili manga huipa kina kile ambacho Waingereza hukitafuta kwenye chupa zao za sosi.

*Chini ya viazi.* Ni nzuri ukiukausha mchuzi vya kutosha. Haina utelezi wa mifupa, kwa hiyo kijiko cha unga ni cha lazima. Kinyunyize juu ya nyama iliyokwisha kukaangwa, ukoroge dakika 1, ndipo uweke maji au supu.

*Kiporo.* Hiki ndicho kiporo bora cha kubeba. Kinapashika haraka na hakigandi sana. Lakini nyama ya kusaga huharibika upesi kuliko kipande kizima, kwa sababu kilichokuwa juu ya nyama sasa kimechanganyika hadi ndani. Oktoba na Novemba, joto la Dodoma likiwa kali, isagishe siku ileile unayopika, na pai iliyobaki isikae nje ya friji zaidi ya saa 2.

*Inamfaa nani.* Siku ya kazi. Mtu anayetoka Mtumba jioni na kupitia bucha njiani anaweza kuwa na pai mezani kabla ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Inawafaa pia wanaojaribu pai kwa mara ya kwanza, maana mambo machache yanaweza kwenda kombo.

Njia ya tatu: choroko

Ningeomba msomaji asiipite njia hii kwa haraka akidhani ni ya siku ya kukosa. Imepikwa kwa uangalifu, ni chakula kamili, na mkoa huu wa mikunde na karanga una kila kitu kinachohitajika.

*Kupatikana na gharama.* Iko Majengo, iko Sabasaba, iko duka la mtaani. Gramu 400 za choroko kavu huvimba na kuwa karibu kilo 1 ikiiva, na hiyo inajaza chombo kilekile. Karibu robo ya uzito wa choroko kavu ni protini, kwa hiyo mezani hakuna atakayekuwa amepunjwa. Kwa gharama ndiyo nafuu kuliko zote, na kavu inakaa kabatini miezi mingi ikikusubiri.

*Muda na moto.* Haihitaji kulowekwa. Chambua mawe, osha, chemsha dakika 35 hadi 45. Zima wakati punje zimelainika lakini bado zinaonekana ni punje. Ukizidisha zinakuwa uji, na viazi juu ya uji si pai. Ongeza dakika 20 za kuunga. Maharage yangefanya kazi pia, na njugu mawe nazo ni tamu, ila hizo zinataka kulala majini na kula moto mwingi.

*Ladha.* Choroko haina ladha ya kujibebea yenyewe kama nyama, kwa hiyo kazi inahamia kwenye kitunguu. Kaanga vitunguu 3 badala ya 2, kwa moto mdogo, dakika 15 nzima, mpaka viwe vya kahawia. Nyanya ya kopo nayo ikaangwe mpaka mafuta yajitenge. Kisha weka kijiko kimoja cha soya sosi, binzari nyembamba kidogo, na vijiko 2 vya karanga zilizokaangwa na kusagwa. Karanga ndizo zinazoleta unono ambao nyama ingeuleta, na kwa mlaji wa Dodoma aliyekulia kwenye mboga ya karanga si ladha ngeni.

*Chini ya viazi.* Inashika yenyewe bila unga, kwa sababu wanga wa choroko huufanya mchuzi kuwa mzito. Udhaifu wake ni kwamba laini imelala juu ya laini. Weka karoti zilizokatwa vipande vinavyotafunika, hoho iliyoingia dakika za mwisho, na njegere, ili meno yapate kazi.

*Kiporo.* Kinakauka usiku. Kabla ya kupasha, toboa viazi kwa uma sehemu kadhaa na umwagie vijiko 3 vya maji ya moto.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watu waliofunga nyama, wanafunzi wanaochanga, familia kubwa mwishoni mwa mwezi, na yeyote asiyekula nyama kwa sababu zake. Kwa wasiogusa hata maziwa, viazi vipondwe na mafuta ya alizeti na tui zito la nazi badala ya siagi na maziwa.

Viazi vya juu

Viazi mviringo vinavyofika masoko ya Dodoma vingi hutoka nyanda za juu kusini, Njombe, Mbeya na Iringa. Chagua vikavu, vinavyopasuka kidogo vikichemshwa. Vianze kwenye maji baridi yenye chumvi, na vikiiva uchuje maji yote, kisha urudishe sufuria motoni dakika 1 ili mvuke utoke. Ponda vikiwa vya moto, na siagi gramu 60 na maziwa ya moto mililita 150. Maziwa yaingie kidogo kidogo. Usivipige sana wala usivisage kwenye mashine. Wanga hutoka na vinakuwa gundi.

Viazi vitamu navyo vinawezekana. Vya Gairo, vinavyouzwa kando ya barabara ya Morogoro, vingi ni vikavu na vina unga mzuri wa kupondeka. Vinapendeza juu ya choroko yenye pilipili au juu ya mbuzi. Juu ya nyama ya ng'ombe ya kusaga mimi sivipendi: utamu juu ya upole, pai nzima inalala. Na kwa kuwa vina sukari, uso wake huungua upesi, kwa hiyo moto wa juu upungue. Anayetaka usalama achanganye nusu kwa nusu.

Vyovyote utakavyochagua, iache nyama au choroko ipoe dakika 10 kwenye chombo kabla ya kupaka viazi. Anza kupaka pembeni ukienda katikati, ukiziba kingo ili mchuzi usichemkie juu. Halafu chora mistari kwa uma. Matuta yale ndiyo yanayokauka kwanza na kupata rangi.

Una moto gani?

Swali hili linagusa njia zote tatu sawasawa, na mapishi mengi hayaliulizi kabisa, kana kwamba kila nyumba ina oveni.

Mwenye oveni aipashe mpaka nyuzi 200 na kuoka dakika 25 hadi 30. Oveni ndogo ya umeme ya wati 1,500 hadi 2,000 itakula karibu uniti 1 ya LUKU kwa kazi hiyo, pamoja na muda wa kupasha.

Mwenye jiko la mkaa anaweza kupata pai nzuri vilevile, kwa namna ileile mama zetu wanavyookea keki. Tumia sufuria pana ya bati nene yenye kifuniko bapa. Weka mkaa mchache chini na upalie mwingi juu ya kifuniko, theluthi moja chini na theluthi mbili juu. Kilichomo ndani kimeshaiva. Unachohitaji ni joto la kutoka juu. Baada ya dakika 20 funua uangalie. Jiko hilo likae nje au kibarazani. Usiku wa baridi kuna wanaolivuta ndani na kufunga madirisha, na mkaa hutoa gesi yenye sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Pai si sababu ya kufanya hivyo.

Mwenye gesi ya plati mbili peke yake hana moto wa juu, na hakuna ujanja wa kuupata. Afunike sufuria kwa moto mdogo kabisa dakika 15 ili viazi na nyama vishikane, kisha akaange chenga za mkate mkavu na siagi kwenye kikaango mpaka ziwe za kahawia, azinyunyize juu wakati wa kupakua. Haitakuwa na gamba la viazi, ila mlaji atapata kitu cha kukwaruza meno, na hicho ndicho anachokitafuta.

Kulingana na hali yako

Ni siku ya kazi, watoto wana mitihani, na una saa 1 na nusu: chukua nyama ya kusaga. Viazi vichemke jiko moja wakati nyama inakaangwa jiko la pili.

Ni Jumapili na mama mkwe anakuja na wajukuu wamejaa: mbuzi, na uchemshe Jumamosi jioni. Supu ikilala kwenye friji, asubuhi mafuta yameganda juu na unayatoa kwa kijiko. Kama una uhakika kwamba wote wanampenda kondoo, mpe nafasi; kama huna uhakika, uliza kwanza kwa simu.

Unapika futari au chakula cha usiku wa Ramadhani: zote tatu zinafaa, mradi nyama imetoka kwa mchinjaji unayemwamini. Kwa tumbo lililoshinda tupu, ng'ombe wa kusaga au choroko ni nyepesi kuliko kondoo.

Mwezi umefika tarehe 25 na mfuko umekonda: choroko, na viazi kilo 2 badala ya kilo na nusu.

Umekatikiwa na umeme na oveni imelala: usibadilishe unachopika, badilisha moto. Hamishia kwenye sufuria na upalie mkaa.

Una mzee mwenye meno machache au mtoto aliyeachishwa ziwa karibuni: nyama ya kusaga, isagwe mara mbili, chumvi ipunguzwe kwenye sehemu yao kabla hujaweka soya sosi. Choroko nayo inafaa bila hoho.

Na kama meza moja ina wanaokula nyama na wasiokula, pika viazi vya pamoja kisha utumie vyombo viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Muda wa kuoka unashuka hadi dakika 20. Choroko iungwe kwanza, kwenye sufuria ambayo haijagusa nyama, na mwiko wake uwe wa peke yake.